Turbo na supachaja kwenye injini moja: mwongozo kamili wa kuziunganisha

Turbo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa eksozi; ikiwa kubwa kwenye injini ndogo hulala hadi RPM (mizunguko kwa dakika) 3,000, halafu huamka kwa kishindo. Supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, huitika mguu unapogusa tu pedeli, lakini injini ikishika kasi mkanda wake unakula nguvu ileile uliyokuwa unaitafuta. Kuziweka zote mbili ni kuigawia kila moja zamu yake: supachaja chini, turbo juu.

Viwanda vimeshafanya hivyo. Lancia Delta S4 ya mwaka 1985 ilikuwa nazo zote kwenye injini ya cc 1,759. Nissan ilizipachika kwenye March Super Turbo yenye injini ya cc 930. Volkswagen ilileta injini ya lita 1.4 mwaka 2005 ikitoa nguvu za farasi 170, na Volvo baadaye ikafanya hivyo kwenye injini yake ya lita 2.0. Hizi mbili za mwisho huachia supachaja karibu na RPM 3,500.

Kabla ya yote, jiulize kama kweli unahitaji kazi hii. Turbo ndogo ya kisasa yenye njia mbili za moshi huamka mapema vya kutosha kwa magari mengi, na ina nusu tu ya mabomba. Mfumo wa mashine mbili unalipa pale injini ni ndogo, gari ni zito, na nguvu unayoitaka juu inadai turbo ambayo haiwezi kuamka chini. Kama hali yako si hiyo, weka turbo moja ulale usingizi.

Nani atangulie?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa la hapa halirekebishiki kwa kubadilisha spring. Mashine hizi hupangwa kwa mfuatano, moja ikipulizia nyingine. Ile inayotangulia ndiyo inayoamua tabia ya mfumo mzima.

*Turbo ikitangulia, shinikizo huzidishana.* Supachaja ya aina ya Roots (yenye rota mbili zinazosukuma hewa) humeza ujazo uleule wa hewa kila inapozunguka. Ikilishwa hewa iliyokwisha kushindiliwa na turbo, ujazo haubadiliki ila uzito wa hewa unaongezeka. Chukua turbo inayotoa bar 0.5 kwenye geji na supachaja inayotoa bar 0.5. Anayejumlisha anapata bar 1.0. Hesabu ya kweli hutumia shinikizo kamili, yaani pamoja na la angahewa: 1.5 × 1.5 = 2.25, ambalo kwenye geji ni bar 1.25. Ukimpandishia turbo huyo hadi bar 0.8, unapata 1.8 × 1.5 = 2.7, yaani bar 1.7 kwenye geji. Umeongeza bar 0.3 upande mmoja, injini imepokea karibu bar 0.45. Pistoni nyingi zimetobolewa na hesabu hiyo.

*Supachaja ikitangulia, shinikizo haizidishani hivyo.* Supachaja inameza hewa ya angahewa moja kwa moja, kwa hiyo yenyewe ndiyo mizani: uzito wa hewa kwa kila mzunguko wa injini umeshapangwa na ukubwa wa puli. Turbo inapoamka haiongezi hewa kwanza, inaipokea supachaja mzigo. Shinikizo kati ya mashine mbili linashuka, lile la baada ya turbo linabaki palepale. Hali inaendelea hivyo hadi turbo inavuta hewa kuliko supachaja inavyoweza kutoa. Wakati huo shinikizo la katikati limeshuka hadi la angahewa, na kama kuna kilango cha pembeni kinachoruhusu hewa kupita bila kupitia supachaja, kinafunguka chenyewe. Kuanzia hapo turbo inafanya kazi peke yake.

Mpango huu wa pili ndio tunaoupendekeza kwa gari la barabarani. Unajizuia wenyewe, supachaja inabaki kwenye hewa baridi, na makabidhiano ni laini. Pia sili za supachaja nyingi hazikutengenezwa kupokea shinikizo upande wa kuingilia. Ukizilisha kutoka kwenye turbo, hewa inaweza kupenya kwenye boksi la gia na kuisukuma oili yake nje. Mpango wa turbo kutangulia uachie gari la mashindano ambalo supachaja yake haina klachi (ya kuitenga na mkanda) na inazunguka muda wote.

Yanayofuata yanahusu supachaja kutangulia. Njia ya hewa ni hii: kichujio, njia panda (supachaja upande mmoja, kilango cha baipasi upande wa pili), njia zinakutana tena, kompresa ya turbo (upande wake unaoshindilia hewa), intakula (kipoza hewa), throtoli, manifoldi.

Hesabu kabla ya kununua chochote

Tuchukue injini ya petroli ya lita 2.0, silinda nne, mwisho RPM 6,500, lengo la juu shinikizo kamili la bar 2.2 (bar 1.2 kwenye geji), hewa ya nje nyuzi 30 za Selsiasi.

Hewa ya juu kabisa: injini ya lita 2.0 humeza lita 1 kwa kila mzunguko. Kwa ujazaji wa asilimia 95, RPM 6,500 ni lita 6,175 kwa dakika za hewa iliyoshindiliwa. Hewa ya bar 2.2 na nyuzi 55 ina uzito wa takriban gramu 2.34 kwa lita. Jibu ni kilo 14.4 kwa dakika, au kilo 0.24 kwa sekunde. Ni kama farasi 310 hadi 320 kwenye krenki, kama taimingi (wakati wa kupiga cheche) na mafuta viko sawa.

Turbo: tafuta inayotoa kilo 0.24 kwa sekunde kwa uwiano wa shinikizo wa 2.3, na nukta hiyo iangukie ndani ya eneo la ufanisi wa asilimia 70 au zaidi kwenye ramani ya kompresa, yaani mchoro wa uwezo wake. Ile 0.1 ya ziada juu ya 2.2 ni ya kufidia shinikizo linalopotea kwenye kichujio na intakula. Usihofu kwamba ni kubwa kuliko ambayo ungeweka kama ingekuwa peke yake. Ndiyo maana supachaja ipo.

Supachaja: lengo lake peke yake liwe shinikizo kamili la bar 1.8. Kwa hewa ya nyuzi 50 kwenye manifoldi, injini itahitaji takriban lita 1.58 za hewa ya nje kwa kila mzunguko wa krenki. Supachaja ya lita 1.2 kwa mzunguko, yenye ujazaji wa asilimia 85, inatoa lita 1.02. Gawanya: 1.58 ÷ 1.02 = 1.55. Puli ya krenki ya milimita 140 na ya supachaja ya milimita 90 zinatoa uwiano huo.

Sasa fanya hesabu ambayo wengi huiruka: klachi ikigoma kuachia, supachaja itafika kasi gani? RPM 6,500 × 1.55 ni karibu RPM 10,100. Linganisha na kikomo alichotoa mtengenezaji wa supachaja yako. Ikizidi, ongeza puli ya supachaja au tafuta supachaja kubwa zaidi inayozunguka taratibu. Usijifariji kwamba klachi itaachia kwenye RPM 4,000.

Mafuta: kilo 14.4 za hewa kwa uwiano wa 11.5 kwa 1 zinadai kilo 1.25 za petroli kwa dakika, yaani karibu sentimita za ujazo 1,700. Kila nozeli inabeba 425. Nozeli isifunguke zaidi ya asilimia 80 ya muda, hivyo nunua za 530 kwenda juu. Za 550 zinatosha. Pampu inatakiwa kutoa zaidi ya lita 100 kwa saa *kwenye shinikizo la bar 4.2*, kwa sababu shinikizo la msingi la bar 3 linapanda pamoja na la manifoldi. Pampu iliyoandikwa lita 255 kwa saa inatosheleza, mradi waya wake si mwembamba. Pima volti kwenye pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi. Ikishuka chini ya 13 injini ikiwa inachaji, weka waya mpya na rilei.

Injini yenyewe

Pima mgandamizo kwa silinda zote. Tofauti isizidi asilimia 10. Kisha fanya jaribio la uvujaji: zaidi ya asilimia 10 kwenye silinda yoyote, fungua injini kwanza. Turbo haitibu injini iliyochoka, inaizika.

Kwa nozeli zinazopuliza kwenye manifoldi na petroli ya oktani 95, uwiano wa mgandamizo uwe kati ya 8.5 na 9.0 kwa 1. Pistoni za kufua badala ya za kumimina, hedi gasketi ya chuma ya tabaka nyingi, stadi ngumu za hedi. Mwanya wa ringi ya juu uwe milimita 0.0055 hadi 0.006 kwa kila milimita ya kipenyo: kwa silinda ya milimita 86 hiyo ni 0.47 hadi 0.52. Ringi ya pili iachie zaidi kidogo, 0.55 hivi. Mwanya ukiwa mdogo, ringi ikipata moto ncha zinagusana, inang'ang'ania ukuta na kung'oa kingo ya pistoni. Ukifungua utakuta kipande cha alumini kimekatika katikati ya ringi mbili za juu, na utalaumu petroli.

Plagi ziwe baridi zaidi kwa hatua moja au mbili, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7.

Kufunga supachaja

Chagua yenye klachi ya sumaku. Zile za Toyota zilizofungwa kwenye injini ya 4A-GZE zinajulikana kwa kazi hii, kwani zina klachi kutoka kiwandani. Kabla ya kufunga, zungusha rota kwa mkono: ziende bila kukwama, bila kusikika chuma kikisuguana. Kagua oili ya gia; ina oili yake maalumu, usiweke ya injini.

Bano la kushikilia litengenezwe kwa bamba la milimita 10 au zaidi na lishikwe na injini pekee. Ukilifunga nusu kwenye injini na nusu kwenye bodi, injini ikitikisika mkanda unaruka. Puli zote zikae mstari mmoja, tofauti isizidi milimita 1. Tumia rula ndefu iliyonyooka, si jicho. Mkanda wa mifereji sita unatosha kwa mzigo huu: supachaja ikifanya kazi peke yake kwenye RPM 2,500 inakula takriban kilowati 7. Mkanda uizunguke puli ya supachaja angalau digrii 150, na kikazio kikae upande uliolegea, yaani upande mkanda unaotoka kwenye puli ya krenki kuelekea mashine zinazoendeshwa. Kikazio upande wa mvutano kitasukumwa nyuma kila ukikanyaga, mkanda utapiga kelele, na utaukaza hadi uue beringi.

Klachi ipewe umeme kupitia rilei na fyuzi ya amp 10. Weka dayodi ya 1N4007 sambamba na koili ya klachi, mstari wake mweupe ukielekea upande chanya. Bila hiyo, kila klachi ikizimwa koili inarudisha mshtuko wa umeme, na pointi za rilei hazitadumu.

Turbo, moshi na oili

Manifoldi ya eksozi ya chuma cha kumimina au cha pua chenye ukuta wa milimita 3. Bomba la kutoka kwenye turbini (upande wa turbo unaozungushwa na moshi) liwe milimita 70 hivi, lishikwe na kiunganishi kinachonyumbulika.

Bomba la kurudisha oili ndilo linaloleta vilio. Kipenyo cha ndani kisipungue milimita 16, literemke bila kupanda popote, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili la injini) juu ya usawa wa oili. Oili inatoka kwenye turbo ikiwa povu, haina shinikizo la kuisukuma. Ikikutana na kona ya kupanda inarudi, inapita kwenye sili, na gari linatoa moshi wa bluu. Turbo ya beringi za gololi inahitaji kizuizi cha takriban milimita 1 kwenye bomba la kuleta oili. Ya bushi kwa kawaida haihitaji.

Ziba joto la eksozi lisifikie supachaja. Rota zina mianya midogo mno, na nyumba ya alumini ikipashwa upande mmoja tu inapinda.

Njia panda ya hewa na kilango chake

Kilango cha baipasi ndicho moyo wa mfumo. Kiwe na upana sawa na bomba la kichujio, milimita 65 hadi 70, kwa sababu juu hewa yote ya injini itapita hapo. Ukiweka cha milimita 45 kwa kuwa ndicho kilichopatikana, turbo itavuta kupitia tundu la sindano na nguvu itakatika karibu na RPM 5,000, huku geji ikionyesha shinikizo zuri tu hadi hapo.

Njia rahisi ni throtoli ya umeme iliyotoka kwenye gari lingine, ikiendeshwa na kompyuta ya injini inayopangika. Ijue tabia yake: umeme ukikatika, spring huiacha ikiwa wazi kidogo tu. Maana yake ikifa, klachi nayo ikiwa imeachia, gari litajikongoja. Hilo linakubalika. Lisilokubalika ni kilango kubaki kimefungwa kabisa wakati supachaja haizunguki, maana rota zilizosimama ni kama kizibo.

Mambo manne ya kuzingatia kwenye mabomba:

- Sensa ya kupima hewa inayoingia, kama ipo, ikae kabla ya njia panda. Ikikaa tawi moja, itapima nusu ya hewa.
- Bomba la pumzi ya krenkikesi liingie kabla ya supachaja, kupitia kopo la kunasa oili. Ukiliunganisha kati ya supachaja na turbo, utasukuma hewa ndani ya injini na kijiti cha oili kitaruka.
- Vali ya kupumulia, ile inayofunguka ukiachia pedeli ghafla, irudishe hewa upande wa kichujio, si katikati ya mashine mbili.
- Kila mwisho wa bomba uwe na ukingo ulionyanyuka, hosi za silikoni, klipu za bolti. Bomba laini lisilo na ukingo litachomoka siku ya kwanza ya bar 1.

Ukimaliza, ziba mdomo wa kichujio, ziba pumzi ya krenkikesi, ingiza hewa ya kompresa ya gereji polepole hadi bar 1 na pakaa maji ya sabuni kila kiungio. Simama pembeni ya mabomba, si mbele yake.

Wesigeti: mtego unaofanya watu waamini turbo ni mbovu

Wesigeti ni kilango cha kupitisha moshi pembeni ya turbini ili kuzuia shinikizo lisizidi. Kina spring, na hufunguliwa na shinikizo la hewa. Hebu fikiria spring ya bar 0.5 iliyounganishwa na bomba la baada ya turbo. Kwenye RPM 2,000 supachaja inapuliza bar 0.8 kupitia kompresa ya turbo ambayo bado imelala. Shinikizo linafika kwenye spring, wesigeti inafunguka, moshi unapita pembeni, na turbo haiamki kamwe. Fundi anabadilisha turbo, tatizo linabaki.

Dawa ni mbili kwa pamoja. Spring iwe juu ya shinikizo la supachaja peke yake, yaani bar 0.9 hadi 1.0 kwa mfano wetu. Halafu vali ya umeme ya matundu matatu imwage ishara yote nje hadi shinikizo lifike bar 0.2 chini ya lengo, ndipo ianze kuiachia ishara ifike kwenye wesigeti.

Makabidhiano

Weka sensa mbili za shinikizo: moja kwenye manifoldi, ya bar 3 kamili, nyingine kati ya supachaja na turbo. Bila hiyo ya pili unaendesha gizani.

Mpangilio wa kuanzia kwenye kompyuta:

1. Mguu mwepesi, manifoldi iko chini ya angahewa: klachi imeachia, kilango wazi.
2. Mguu mzito chini ya RPM 3,200: klachi inashika, *kisha* kilango kinafungwa ndani ya milisekunde 200 hadi 300.
3. Shinikizo la katikati likishuka chini ya bar 0.1 kwenye geji: kilango kinafunguliwa taratibu, milisekunde 300 hadi 500.
4. Kilango kikiwa wazi kabisa: klachi inaachia.
5. Kuanzia RPM 4,000: kilango wazi na klachi nje, hata kama sensa inasema nini.
6. Ukiachia pedeli wakati wowote: kilango wazi mara moja.

Utaratibu wa namba 3 na 4 usigeuzwe. Klachi ikiachia kwanza, rota zinasimama na kilango bado kimefungwa. Injini inakabwa koo kwa nusu sekunde na abiria anagonga kichwa. Nayo namba 3 isiharakishwe. Kama katikati kuna bar 0.4 na unafungua kilango, hewa inarudi kinyume hadi kwenye kichujio kwa mlio mkubwa, shinikizo la manifoldi linaporomoka, na mafuta yanabaki mengi kwa kitambo. Ukiliona shimo hilo kwenye rekodi, usiongeze petroli wala taimingi. Chelewesha kilango.

Turbo inapochelewa kupokea, jibu pia si kusukuma kikomo cha klachi hadi RPM 5,000. Angalia wesigeti kama inavuja na manifoldi ya eksozi kama ina ufa; hivyo viwili ndivyo hula pumzi ya turbo.

Kwa kurudi chini, acha pengo: kama klachi inaachia RPM 4,000, isiruhusiwe kushika tena juu ya RPM 3,500. Kushika kwenye kasi kubwa kunalazimisha rota kutoka sifuri hadi maelfu ya mizunguko kwa kufumba na kufumbua. Utasikia mkanda ukilia, utanusa harufu ya mpira, na siku nyingine utanusa klachi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Usizijaribu zote siku moja. Mashine zikiwa mbili na kosa likiwa moja, hutajua la nani.

Anza na turbo. Toa mkanda wa supachaja, acha kilango wazi. Jaza oili turbo kwa mkono, toa fyuzi ya pampu ya petroli na ya koili, piga starta hadi shinikizo la oili lionekane, kisha washa. Tafuta uvujaji kwa dakika 15. Endesha kwa shinikizo la spring pekee na urekebishe mafuta hadi RPM 6,500.

Kisha supachaja. Funga mkanda, fungia mkono wa wesigeti ukiwa wazi kwa waya. Fikia RPM 3,500 tu. Manifoldi isome karibu na bar 0.8 kwenye geji. Ikisoma 0.5, mkanda unateleza au kilango hakifungi vizuri. Gusa bomba la kilango, likiwa la moto sana hewa inazunguka humo humo.

Ndipo uziunganishe, lengo likiwa shinikizo la spring kwanza, bar 0.9 hadi 1.0, na uongeze bar 0.1 kila baada ya rekodi safi.

Mchanganyiko kwa mzigo kamili uwe lamda (kipimo cha hewa dhidi ya petroli) 0.78 hadi 0.82, ukipimwa kwa sensa pana ya oksijeni iliyo baada ya turbini. Taimingi anza kwa kurudisha digrii 1 kwa kila bar 0.07 ya geji kulinganisha na injini isiyopulizwa, kisha songa mbele digrii moja moja ukisikiliza mgongano (mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda) kwa kifaa, si kwa sikio. Joto la hewa ya manifoldi likipita nyuzi 55, kompyuta ianze kupunguza taimingi yenyewe. Supachaja ikifanya kazi peke yake kwa uwiano wa 1.8, hewa inatoka na nyuzi 125 hivi. Intakula yenye ufanisi wa asilimia 70 inaishusha hadi karibu 58. Kwa hiyo kwenye foleni na kilima, hapa chini kwenye RPM 2,500 ndipo mgongano utaanzia, si kule juu ambako watu wote wanakodolea macho. Joto la moshi kabla ya turbini lisipite nyuzi 950. Weka kikomo cha kukata mafuta bar 0.2 juu ya lengo.

Dalili na asili yake

Gari linasita RPM 3,300 hadi 3,800 kisha linaendelea: kilango kinafunguka mapema au klachi inaachia kabla ya kilango.

Shinikizo linafika bar 0.8 na kugoma hapo kwenye RPM zote: wesigeti imefunguka kwa shinikizo la supachaja, au mrija wake umeunganishwa kinyume kwenye vali ya umeme.

Sauti ya kukohoa upande wa kichujio ukiachia pedeli: vali ya kupumulia imechelewa au ni ndogo, hewa inarudi nyuma kwenye kompresa ya turbo. Ukiiacha, beringi ya kusukumana ya turbo ndiyo italipa.

Mlio wa chuma unaofuata kasi ya injini na kutoweka klachi ikiachia: beringi za mbele za supachaja. Ukibaki hata klachi ikiwa nje, ni beringi ya puli yenyewe.

Oili ndani ya bomba la intakula: kagua kwanza kopo la pumzi ya krenkikesi, pili bomba la kurudisha oili ya turbo, tatu sili ya supachaja. Kwa mpangilio huo, maana ndivyo yanavyotokea kwa wingi.

Baada ya kilomita 500 kaza upya bolti za manifoldi ya eksozi injini ikiwa baridi, pima mkanda, mwaga oili ya injini na upitishe sumaku ndani yake.